Kabla ya Kumleta Kijibwa, Mwangalie Mbwa Uliye Naye

Katika mitaa ya Dar es Salaam inayoendelea kujengwa, kuanzia Goba na Mbezi hadi Kigamboni, mtu hamalizi ukuta kabla hajaulizia mbwa. Mbwa huyo anakaa na familia miaka minane, tisa, kumi. Watoto wanakua mbele yake, wapangaji wanakuja na kuondoka, wezi wanairuka nyumba hiyo wanakwenda kwa jirani. Kisha unafika wakati mwenye nyumba anatambua kwamba mlinzi wake amezeeka. Anachelewa kuinuka. Mgeni anafika hadi barazani ndipo yeye anashtuka. Basi simu inapigwa, mtoto wa mbwa anatafutwa, na kabla wiki haijaisha kijibwa analetwa kwa bodaboda ndani ya boksi lililotobolewa matundu. Anaachiwa uani, na watu wa nyumba nzima wanatoka kutazama yule mzee atafanya nini.

Mara nyingi mzee ananguruma. Mtu anaokota fimbo, anamchapa, anamwambia aache roho mbaya. Kijibwa anabebwa, anapakatwa, anapewa maziwa. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na siku hiyo hakuna anayekumbuka kumjazia mzee maji.

Makala haya ni ya kumtetea mzee huyo. Ninaamini kwamba ugomvi mwingi kati ya mbwa mkongwe na mtoto wa mbwa tunauleta sisi wenyewe, kwa haraka yetu ya kuwakutanisha na kwa jinsi tunavyompa mmoja na kumnyima mwingine mbele ya macho yake. Anayetaka kijibwa wake akue vizuri hana budi kuanza na mbwa aliye naye.

Tunapenda kusema mbwa mzee ana wivu, na tukishasema hivyo hatuchunguzi tena. Mchunguze. Mpitishie mkono taratibu kuanzia shingoni hadi kwenye nyonga, uone kama anakwepa ukifika mahali fulani. Mtazame anavyoshuka ngazi ya baraza, kama anatanguliza mguu mmoja na kuburuta mwingine. Mwinue midomo uangalie meno na fizi. Simama nyuma yake upige makofi mepesi, uone kama anageuka. Mbwa wa umbo kubwa huanza kuingia uzeeni akifika miaka saba hivi. Maungo yanauma, masikio yanapungua nguvu, mboni za macho zinapata ukungu. Sasa chukua mnyama wa namna hiyo, aliyelala kwenye saruji ya baridi akiugulia kiuno, umrushie kijibwa wa miezi miwili mwenye meno makali yanayochoma. Kijibwa anamrukia mgongoni, anamng'ata sikio, anavuta mkia. Huyo mzee akinguruma, amekosa nini?

Kama maumivu yapo, mlete daktari wa mifugo kabla hujamleta kijibwa. Zipo dawa za maungo zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na zinabadilisha kabisa tabia ya mzee aliyedhaniwa ni mkali. Hapa nitoe onyo, kwa sababu jambo hili ni la kawaida majumbani: usimpe mbwa diklofenaki wala ibuprofeni iliyobaki kabatini. Dawa hizo zinatoboa tumbo lake na kuharibu figo, na mbwa wengi wamekufa kwa huruma ya mtu aliyetaka kuwasaidia.

Kunguruma kwenyewe ni taarifa. Kabla ya hapo mbwa huwa ameshatoa taarifa nyingine ambazo hatuzioni: ameukaza mwili, amegeuza uso pembeni, amelamba midomo ilhali hakuna chakula, ameonyesha weupe wa jicho. Taarifa zote hizo zikipuuzwa ndipo ananguruma, na hata baada ya hapo mbwa mwenye akili zake huuma hewa kwanza, meno yakagongana karibu na pua ya kijibwa bila kumgusa. Ukimchapa kila anaponguruma, hutamfundisha kumpenda mgeni. Utamfundisha kunyamaza. Siku atakapofika mwisho wa uvumilivu wake, atauma moja kwa moja, na anayeumwa huenda asiwe kijibwa, bali mtoto wako aliyeinama kumbeba. Mzee akinguruma, kinachotakiwa ni kumwondoa kijibwa kwa utulivu na kumpa mzee nafasi yake.

Lipo jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani havilisemi, kwa sababu vimeandikwa kwa ajili ya mbwa anayelala sebuleni. Mbwa wetu wengi hufanya kazi usiku. Jioni anafunguliwa, usiku kucha anazunguka ukuta, alfajiri anarudi bandani, na mchana ndio usingizi wake. Kijibwa ana ratiba tofauti kabisa. Analala saa nyingi sana kwa siku, lakini vipande vya muda anaokuwa macho huangukia mchana, wakati watoto wametoka shule na uani kuna vurugu. Kwa hiyo mzee aliyekesha anasumbuliwa saa zile zile anazopaswa kupumzika, na usiku anatakiwa kuwa kazini tena. Wiki mbili za hali hiyo zinatosha kumfanya mnyama yeyote awe na hasira. Mpe banda lake, au kona yenye kivuli iliyozibwa kwa wavu wa kuku, mahali ambapo kijibwa hafiki kabisa. Ni gharama ndogo, na binafsi naiona ndiyo hatua yenye faida kuliko nyingine zote.

Namna ya kuwakutanisha nayo ina utaratibu wake. Mbwa humjua mwenzake kwa pua kabla ya macho, kwa hiyo anza na harufu. Kabla ya kumleta kijibwa, omba gunia au kipande cha kanga kuukuu alicholalia na mama yake, ukiweke karibu na mzee. Atanusa, pengine atakikojolea, kisha atakiacha aendelee na shughuli zake. Kitambaa cha mzee nacho kipelekwe kwa kijibwa. Siku ya kukutana, weka wavu kati yao. Waonane, wanusane kupitia matundu, na uangalie mwili wa mzee: mkia uliolegea unaotikisika pamoja na kiuno ni habari njema, mkia uliosimama wima na kutetema kwa ncha ni ishara ya kusubiri. Warudie hivyo kwa dakika chache asubuhi na jioni. Wavu ukishapoteza maana kwa mzee, yaani akiona kijibwa na kuendelea kulala, hapo ondoa wavu ukiwa umesimama karibu, mzee akiwa na kamba legevu shingoni. Kamba iliyokazwa inampa mbwa hisia kwamba kuna hatari.

Wataalamu wengi hushauri wakutane mahali pasipo pa yeyote, nje ya himaya ya mzee. Ushauri huo ni mzuri, lakini kwetu una mtego. Nje ya geti kuna mbwa koko, na kwenye udongo wa barabarani kuna ugonjwa wa parvo, ambao virusi vyake hukaa ardhini miezi mingi vikisubiri kijibwa asiye na kinga. Anayeugua hutapika, huhara damu yenye harufu isiyosahaulika, na wengi hufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo kama unataka mahali pasipo pa yeyote, tumia ua wa ndugu au jirani ambaye mbwa wake wamechanjwa. Kama hakuna, wavu uani kwako unatosha.

Hilo linanipeleka kwenye chanjo, na hapa ndipo nalaumu zaidi. Watu wanalipa fedha nyingi kununua mtoto wa German Shepherd halafu wanaona chanjo ni anasa. Kijibwa anatakiwa aanze chanjo ya parvo na homa ya mbwa akiwa na wiki sita hadi nane, irudiwe kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kumi na sita, na ya kichaa cha mbwa apate akiwa na miezi mitatu. Minyoo ashughulikiwe tangu mapema, kwa sababu baadhi ya minyoo anazaliwa nayo kutoka tumboni mwa mama. Lakini ni wangapi wanaouliza chanjo ya mwisho ya mzee ilikuwa lini? Mbwa wengi wazima wa ulinzi walichanjwa mara moja walipokuwa wadogo, basi. Mgeni na mwenyeji wanaweza kuambukizana pande zote mbili, kupe na viroboto navyo vikihama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Kichaa cha mbwa hakina mzaha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu maambukizi yote kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, asilimia 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Kisiwani Pemba kampeni za chanjo zilifanikiwa kuutokomeza ugonjwa huu, lakini mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, na ikabidi kazi ianze upya. Kijibwa anayetoka kusikojulikana anaweza kuleta mambo hayo hayo ndani ya ukuta mmoja. Kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi hutoa chanjo hiyo bure. Wapeleke wote wawili.

Nikizungumza na watu kuhusu mambo haya, jibu ninalolisikia mara nyingi ni kwamba mbwa waachwe wapigane wenyewe wajue nani mkubwa. Fahali wawili hawakai zizi moja. Imani hiyo ya kwamba mbwa huishi kwa kupigania ukubwa ina chanzo chake. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alichapisha utafiti wake juu ya mbwa mwitu waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, akaeleza jinsi walivyogombania nafasi. Mmarekani L. David Mech aliieneza fikra hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1970. Baadaye Mech huyo huyo, baada ya miaka mingi ya kuwafuatilia mbwa mwitu porini, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, na wazazi wanaongoza kwa sababu ni wazazi. Waliokuwa wakipigana ni wageni waliorundikwa mahali pamoja pasipo pa kukimbilia. Ukitafakari, uani kwetu tunaweza kujenga hali ya kule Basel au hali ya porini, na uamuzi ni wetu. Kijibwa wa kilo tatu mbele ya jibwa la kilo thelathini hana pambano la kushinda. Anaweza kupoteza jicho kwa pigo moja.

Chakula ndicho kinachowasha moto mara nyingi. Ugali wa dona na dagaa unamiminwa kwenye karai moja, na kijibwa, ambaye hajui adabu yoyote, anaingia na miguu ya mbele. Mzee aliyekula peke yake miaka yote hiyo anaona chakula chake kinakanyagwa. Tenganisha. Kila mmoja awe na chombo chake na upande wake wa nyumba, wasionane wakati wa kula, na karai liondolewe wakimaliza. Mifupa wasipewe kabisa wakiwa pamoja, na ya kuku iliyopikwa wasipewe hata wakiwa peke yao, maana inapasuka vipande vyenye ncha. Nyumba nyingi za Pwani, ambako kwa sababu za dini mbwa ana vyombo vyake na makazi yake nje, zimekuwa na desturi nzuri ya mipaka tangu zamani. Mbwa hahitaji kulala kitandani ili atunzwe vizuri. Anahitaji mahali panapojulikana kuwa ni pake.

Na maagizo haya yote apewe nani? Mwenye nyumba anaondoka alfajiri na kurudi usiku. Anayeishi na mbwa ni dada wa kazi, au kijana wa bustani, au mlinzi. Ndiye anayepika ule ugali, anayefungua banda, anayesikia mngurumo wa saa tisa mchana. Kijibwa analetwa bila yeye kuulizwa, kazi inaongezeka, malipo yanabaki yale yale. Kisha mbwa wakiumana, lawama ni zake. Mkalishe chini kabla mgeni hajafika, umweleze, umsikilize, na ikiwezekana umwongeze kitu. Yeye ndiye anayemjua mzee kuliko wewe, na atakwambia kama mzee anaweza kumpokea mgeni au hawezi.

Yapo mazingira ambayo jibu ni hawezi. Mbwa aliye mgonjwa sana asiletewe mtoto wa mbwa. Majike mawili, hasa ambayo hayajatolewa kizazi, huweza kupatana kijibwa akiwa mdogo na kuanza kuraruana akikomaa, na ugomvi wa majike ni mgumu kusuluhisha. Dume na jike hupatana kwa urahisi zaidi, ila usisahau kwamba dume anaweza kuzalisha akiwa na umri wa miezi sita au saba tu. Panga wafungwe uzazi mapema, la sivyo mwaka ujao utakuwa unawagawia majirani vijibwa saba.

Lakini pale inapowezekana, faida yake ni kubwa, na watu wanaomficha mzee bandani ili kijibwa aanze upya wanaitupa. Mtoto wa mbwa hujifunza kwa kutazama. Mwaka 1997, J. M. Slabbert na O. Anne Rasa walichapisha utafiti uliofanywa Afrika Kusini kwa mbwa wa aina ya German Shepherd. Vijibwa walioachwa wakae na mama zao tangu wiki ya sita hadi ya kumi na mbili, wakiwatazama mama hao wakitafuta dawa za kulevya, walipopimwa wakiwa na miezi sita waliifanya kazi hiyo vizuri kuliko wenzao ambao hawakuwahi kuona. Hakuna aliyekuwa amewafundisha. Walitazama tu. Miaka ya karibuni watafiti wa Budapest, Hungaria, wameonyesha kwamba vijibwa wa wiki nane huweza kujifunza kufungua kisanduku kwa kumwangalia mbwa mkubwa au binadamu akikifungua, na saa moja baadaye wakawa bado wanakumbuka.

Sasa fikiria mzee wako anayoyajua. Anajua mlio wa pikipiki ya mwenye nyumba na anaubagua na mingine yote. Anajua kwamba muuza maji huja na kuondoka, kwamba paka wa jirani hafukuzwi, kwamba kuku wa mama mwenye duka hawaguswi, kwamba mtu anayegonga geti mchana ni tofauti na mtu anayepapasa ukuta usiku. Amejifunza hayo kwa miaka. Kijibwa anayelala wavu mmoja mbali naye, anayemwona akiinua kichwa kwa sauti hii na kukilaza kwa sauti ile, anasoma yote bila gharama. Umri wa kujifunza mambo hayo ni mfupi. Kuanzia wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili au kumi na nne, mbwa anajenga picha yake ya nani ni salama na nini ni hatari. Huku kwetu vijibwa huondolewa kwa mama wakiwa na wiki nne au tano, kabla ndugu na mama hawajawafundisha kupunguza nguvu ya meno. Ni heri wangeachwa hadi wiki nane. Aliyeondolewa mapema anamhitaji mbwa mkubwa mvumilivu kuliko mwingine yeyote, maana binadamu hawezi kumfundisha jambo hilo kwa ufasaha wa mbwa mwenzake.

Mzee wa namna hiyo humvumilia mtoto hadi kama miezi minne au mitano, kisha hudai adabu. Atamkoromea, atamlaza chini kwa mguu mmoja, atamwacha. Hayo ni malezi, hayana damu, na tusiyaingilie. Tuingilie kijibwa anapolia bila kuachiwa, au mzee anapokimbia kona kwa kona bila kupata pumziko.

Nimeacha mwisho jambo linaloniuma zaidi. Wengine humleta kijibwa ili mzee aondoke. Kijibwa akianza kubweka, mzee anapakiwa nyuma ya gari na kushushwa mbali, au anawekewa sumu, au anaachwa tu bila chakula hadi ajiondokee. Amelinda nyumba hiyo usiku wa mvua na usiku wa umeme kukatika, na mshahara wake ni huo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na ukatili kwa mnyama ni kosa. Hata kama pasingekuwa na sheria, watoto wanatazama. Wanajifunza kwa macho hayo hayo jinsi anavyotendewa aliyechoka. Mbwa akifika mahali ambapo maumivu hayatibiki, daktari wa mifugo anaweza kumpumzisha kwa sindano, pale pale uani kwake, mtu anayemjua akiwa amemshika kichwa. Hiyo ndiyo heshima ya chini kabisa anayostahili.

Kwa hiyo, wewe unayetafuta kijibwa mwezi huu, nakuomba uanze kwa kumpigia simu daktari wa mifugo amwone mzee. Kama fedha za chanjo za wawili hazipo, au uwanja hauna nafasi ya mabanda mawili, ahirisha. Kama vyote vipo, mlete, na jioni ya siku hiyo uwe wa kwanza kumpelekea mzee chakula chake, kwa mkono wako mwenyewe.